Shajara ya kipupwe

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mdogo wangu amefungua macho. La kushoto kwanza. La kulia bado limezibwa na uvimbe. Akaniangalia muda mrefu, halafu akasema, "Dada, kahawa." Sijui alikuwa anaomba ya kunywa au anauliza ile iliyobaki kwenye vitanda vya kuanikia. Nikamjibu, ipo. Kwa yote mawili jibu lilikuwa hilohilo.

Muuguzi ameandika 13. Juzi usiku ilikuwa 9. Ni zile alama walizotunga Teasdale na Jennett kule Glasgow mwaka 1974: macho, maneno, viungo. Ya juu kabisa 15, ya chini kabisa 3. Yaani hata maiti anapata 3. Nimecheka peke yangu pale korido, mama mmoja mwenye mgonjwa akanikata jicho. Samahani mama.

Wifi amefika na basi la mchana, mtoto mgongoni, uji kwenye chupa ya chai. Hakulia. Amekaa tu akimsugua miguu.

Jumatano, 4 Juni

Amerudi nyuma. Asubuhi 13, saa nane mchana 11. Anaanza neno, linamfia mdomoni, amelala.

Mama amekuwa mkali: jana mtoto kaongea, leo mmempa nini? Hakuna aliyempa kitu, Mama. Daktari alishatuonya, ila maonyo ya aina hii hayaingii masikioni mpaka yatimie. Kichwa kilipogonga lami palepale Mlowo, ile ilikuwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili inatengenezwa humohumo ndani, saa kwa saa, na uvimbe hupanda siku ya pili, ya tatu, hata ya tano, ndipo uanze kushuka.

Wamemtundikia manitoli. Kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa, digrii 30. Wanamchunga hewa na presha zaidi ya kitu chochote. Nilidhani wangehangaika na kichwa, kumbe macho yao yote yako kwenye kile kidude alichobanwa kidoleni. Hewa ikishuka au presha ikianguka hata kwa muda mfupi, seli zilizokuwa zinapepesuka nazo zinakwenda.

Alhamisi, 5 Juni, usiku

Benchi la mbao. Baridi ya Mbeya haina adabu, inapanda toka kwenye sakafu.

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa yuko mwaka wa mwisho udaktari, amenitumia makala kwenye WhatsApp. Nimesoma mpaka simu ikaanza kulia chaji. Mimi mwalimu wa baiolojia! Chora seli, taja sehemu zake, eleza kazi ya kila moja. Sikuwahi kumwambia mtoto hata mmoja kinachotokea seli ikipasuka na vya ndani vikamwagika nje.

ATP, ile tunayoimba darasani kuwa ni nishati ya seli. Ndani ni nishati. Nje ni habari mbaya. Kuna protini moja pia, HMGB1, makazi yake ni ndani ya kiini, inashikilia DNA. Ikionekana inazurura nje, maana yake ni moja tu: kuna seli imevunjika. Na wapo wanaokaa macho kwa ajili ya habari hizo. Mikroglia, seli za ulinzi za ubongo. Mhispania mmoja, Pío del Río Hortega, ndiye aliyezitenga na kuzipa jina mwaka 1919, kwa kuzipaka rangi ya fedha ili zionekane kwenye darubini. Watu wakadhani zimelala zikisubiri kazi. Mwaka 2005 wakachungulia ubongo wa panya aliye hai, wakaziona hazilali hata kidogo, zinanyoosha mikono huku na kule, zinapapasa kila kona. Ukichoma sehemu ndogo kwa leza, katika nusu saa mikono yote ya jirani imeshaelekea pale.

Ni yowe la usiku. Aliyekulia kijijini analijua. Mmoja anapiga, wa jirani wanatoka na marungu, na kila anayetoka naye anapiga yowe, mpaka watu wa ng'ambo ya mto wasiojua hata kilichoibwa wanakuja mbio. Mwizi huenda kaondoka zamani. Asubuhi unakuta mahindi yamelala chini, mlango umeng'olewa, na mwenye nyumba ana jeraha ambalo mwizi hakumpa.

Mayowe yao, yaani saitokaini, yana majina: intalukini 1, intalukini 6, TNF. Wa ng'ambo ya mto ni nyutrofili, chembe nyeupe za damu, ambazo siku zote haziruhusiwi kuingia ubongoni, maana mishipa ya kule ina ukuta uliozibwa vizuri kuliko karibu popote mwilini. Yowe likizidi, ule ukuta unalegea. Wanaingia. Na maji yanawafuata. Mguu ukijaa maji ngozi inavutika, lakini fuvu halivutiki.

Saa tisa na nusu. Nimeenda kumtazama. Anapumua.

Jumamosi, 7 Juni

Mjomba kaja toka Tunduma na mfuko mweusi wa rambo. Ndani: sindano za deksamethasoni, za kutosha kudunga mtaa mzima. Kauziwa duka la dawa, kaambiwa ndiyo ya kupunguza uvimbe wa kichwa. "Mwalimu, uvimbe si ndio unaomuua? Basi hii hapa."

Hoja yake haina ubaya wowote. Ndiyo hoja ya dunia nzima kwa zaidi ya miaka 30. Steroidi kama hii zinanyamazisha uvimbe, ubongo umevimba, mpe. Madaktari wakubwa walitoa. Hatimaye Waingereza wakaamua kupima kwa kweli, watu 10,008 katika hospitali 239 za nchi 49, nusu wakapewa, nusu wakapewa maji matupu. Jaribio liliitwa CRASH, matokeo yakatoka 2004. Katika wiki mbili, waliopewa dawa walikufa 21 katika kila 100. Wasiopewa, 18. Wakalisimamisha kabla ya kufika idadi waliyopanga.

Tatu katika mia. Nimemwambia Mjomba hivyohivyo, na yeye ni mtu wa biashara ya mpakani, hesabu anazijua. Akanyamaza. Akauliza, "Sasa kwa nini?" Nikamwambia hata wao hawana jibu moja. Wale wanaopiga yowe ndio haohao wanaozoa seli zilizokufa na kuacha nafasi ya kupona. Ukiwafunga midomo wote, usiku mmoja, nani atazoa? Na steroidi inashusha kinga ya mwili mzima, mtu yuko wodini na mipira puani.

"Kwa hiyo dawa hakuna."

Kuna hewa, presha, mto, na kusubiri.

Alichukia. Kaenda nje kuvuta sigara. Ule mfuko wa dawa nimeukabidhi kwa muuguzi wa zamu, asije akapata mtu mwingine wa kumsikiliza.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Nimerudi Mbozi Mission kwa siku moja kuangalia nyumba. Kanisa limejaa hadi nje, tarumbeta wanapuliza mpaka mashavu yanataka kupasuka. Mchungaji karudi tena kwa mmisionari Bachmann na kuanza kwa misheni mwaka 1899, kama kila Pentekoste, na watu tumeguna kama kila Pentekoste. Wametuombea kwa jina. Nikainamisha kichwa, nikawa nawaza sodiamu ya damu ya mgonjwa. Ya jana ilikuwa chini kidogo.

Baada ya ibada, wazee wawili waliniita pembeni. Ule mpaka wa shamba la kahawa. Eti nani asiyejua nani hakufurahia. Pikipiki haiwezi kuteleza yenyewe kwenye lami kavu, jua linawaka.

Inaweza, baba zangu. Ikiwa dereva hana helmeti, ana abiria wawili, na lori la Zambia linamwashia taa usoni.

Sikuyasema. Nilisema, "Nimesikia."

Ijumaa, 13 Juni

Nyumbani! 15 kamili. Tumemlaza chumba changu, ndicho kisicho na dirisha la barabarani.

Karatasi ya ruhusa nimeibandika ukutani: apumzike, asipande pikipiki, asinywe pombe, arudi haraka akitapika, akipata degedege, akizidi kusinzia. Dawa ya kifafa asubuhi na jioni. Mistari saba ya mwandiko wa daktari, nimeisoma kwa sauti mbele ya wote, hata kwa watoto.

Mama kachinja kuku. Dogo kala vijiko viwili, akasukuma sahani.

Jumamosi, 21 Juni

Analala saa kumi na nne. Akiamka hataki taa, hataki redio, hataki watu. Na watu hapa Mbozi hawajui kumtembelea mgonjwa kwa kimya: wanakuja sita, wanapiga hodi kwa pamoja, wanasali kwa zamu, wanaeleza ajali za ndugu zao mpaka chai iishe. Nimegeuka bawabu. Jana nilimzuia mzee wa kanisa mlangoni. Mlangoni kwangu! Sijui nitapokewaje Jumapili.

Kulala kule hakunitishi. Intalukini 1 hiyohiyo, kipimo kidogo tu, inamfanya mtu yeyote alale, achukie chakula, ajitenge. Ndiyo inayotulaza kitandani tukiwa na mafua. Mwili unajificha ili utengeneze. Kinachonitisha ni macho yake akiwa ameamka.

Tunavuna. Kahawa mwaka huu imeiva yote kwa pamoja, mikono haitoshi. Wifi anachuma toka alfajiri, anarudi kukoboa, anarudi kumbadilisha mumewe nguo. Vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nimemwambia apumzike kesho. Akasema kahawa haijui Jumapili.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Amemrushia mtoto kikombe.

Cha bati, Mungu saidia. Kilipita sikioni, kikabonyea ukutani. Kosa la mtoto ni kuburuza kigoda.

Baadaye akalia. Akasema hajui kilitoka wapi. Namwamini. Jeraha lake liko mbele, juu ya jicho la kulia, mahali pale pale panapomwambia mtu *ngoja kwanza*. Ubongo ukigonga fuvu, sehemu ya mbele na ya ubavuni ndizo zinazokwaruzwa, kwa sababu sakafu ya fuvu upande huo ina kingo kali. Nimewahi kushika fuvu la maabara, nikaipitishia kidole. Ni kweli. Inakwaruza.

Nikamweleza Wifi yote hayo jikoni, taratibu, kama somo. Mikroglia, mayowe, kwamba baada ya mwezi yowe bado linasikika kwa mbali, kwamba si yeye, ni uvimbe.

Alikuwa anachekecha unga. Akaendelea kuchekecha.

"Dada. Hao mikroglia wako, mbona hawamrushii Mjomba kikombe?"

Sina jibu. Nimekaa hapa na kalamu na bado sina.

Jumanne, 8 Julai

Si yeye, ni uvimbe. Nimeirudia mara ngapi toka Juni? Kwa Mama, kwa wazee, kwa mwalimu mkuu nilipoomba ruhusa. Inasaidia sana kwa wale waliosema ni jirani na hirizi yake. Mjomba sasa anaisema yeye mwenyewe, tena kwa mbwembwe, "saitokaini hizo," kama vile alizigundua Tunduma.

Lakini Dogo alikuwa na hasira kabla ya ile lami. Niandike tu, hakuna anayesoma hapa. Sahani ya mwaka juzi. Mlango wa kabati. Wifi anajua mengi kuliko mimi, na hasemi.

Kwa hiyo uvimbe umeongeza nini juu ya nini? Hakuna mashine Mbeya, wala Dar, wala London, ya kutenganisha hayo mawili.

Alhamisi, 17 Julai

Ukungu mpaka saa nne. Vwawa kwa kliniki, tulipanda Noah, nimemkalisha mbele na kofia ya sufu na miwani yangu ya jua. Watu walimpisha wakidhani ni mtu mkubwa.

Daktari mwema, mwenye haraka. Tumpe miezi sita, asema, hata mwaka. Nikamuuliza kuhusu lile nililosoma: London, 2011, watu waliopigwa picha ya ubongo miaka hadi 17 baada ya ajali, na mikroglia bado ziko juu, hata mbali na mahali palipogongwa, ndani kabisa kwenye thalamasi. Akavua miwani. "Mwalimu, umeyapata wapi hayo?" Kwenye simu. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema ni kweli, kwa baadhi, na kwamba haimaanishi mtu hatapona, inamaanisha asigonge kichwa tena. Seli zilizowahi kuamshwa hivyo huwa nyepesi kushtuka. Pigo dogo la pili, au hata ugonjwa mwingine mkali tu, linaweza kuziamsha kwa nguvu kuliko la kwanza.

Asigonge tena. Dogo, ambaye mkate wake ni pikipiki.

Njiani aliuliza bei. Nikadhani ya dawa. Alikuwa anauliza bei ya kurudisha ile pikipiki barabarani, uma wa mbele umepinda.

Jumapili, 27 Julai

Kanywa komoni. Sijui nani kamletea, nina wa kumshuku watatu. Pombe, dawa ya kifafa na ubongo wa miezi miwili ya jeraha. Nilimkuta ameketi nyuma ya ghala, mpole kuliko siku zote, anaimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya bila ya kwanza.

Sikumgombeza. Nilikaa naye. Akaniambia kelele zinamuuma, kihalisi, kama (akatafuta neno, akalikosa, akafanya kwa mkono: kitu kinasukumwa toka ndani). Akasema anaona watu wanamwogopa. Akasema, "Mnanitazama kama naweza kulipuka."

Ndivyo tunavyomtazama.

Kahawa imefika ushirika wa AMCOS, mifuko yote. Tunangoja mnada.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane

Wote wamekwenda Uyole, viwanja vya John Mwakangale, kuona ng'ombe na matrekta. Nyumba imekuwa kimya, Dogo amekula sahani nzima ya makande, ya kwanza tangu arudi. Akaosha sahani mwenyewe. Akaniuliza swali la kwanza lisilomhusu yeye: "Mgongo wako vipi, Dada?" Nikaenda uani kujifanya naanua nguo.

Jioni Wifi karudi, mtoto analamba sukari ya pamba. Dogo akamwita mtoto. Mtoto akasimama nyuma ya gauni la mama yake. Wifi hakumsukuma mbele. Mama alitaka amsukume, ilionekana usoni. Mimi nilimwambia Mama amwache.

Jumapili, 17 Agosti

Kikao. Mama, Mjomba, wazee wawili wa ukoo, mimi, Wifi pembeni kwenye mkeka. Wifi ameomba kwenda kwao Ileje na mtoto mpaka Dogo atulie.

Mjomba akaanza, saitokaini, ubongo, mgonjwa hatelekezwi, na mwisho akanigeukia: "Mwalimu atawaeleza kitaalamu."

Nikaeleza. Yote ni kweli, nikasema: kichwa chake kina uvimbe usioonekana, kelele zinamwumiza, breki zimelegea, na itachukua muda. Wakaitikia kwa vichwa. Halafu nikasema na hili: hayo ni maelezo ya kwa nini kikombe kilirushwa, si sababu ya mtoto wa miaka mitatu kukaa palepale kinapotua. Na mgonjwa mwenyewe, nyumba ikiwa na kelele pungufu, atapona vizuri zaidi. Aende.

Kimya. Mzee mmoja akakohoa. Mama hajanisemesha tangu hapo; chai yangu nimejimiminia.

Dogo alikuwa chumbani, mlango wazi. Amesikia kila neno.

Jumanne, 19 Agosti

Nimewasindikiza stendi Vwawa. Dogo alibeba begi hadi njia panda, anatembea mstari ulionyooka, hakuyumba. Alimpa mtoto kile kikombe cha bati, amekinyoosha kwa nyundo, bado kina kovu. Sijui mtoto alikielewaje. Amekipokea.

Wifi akanipa orodha: dawa iko kabati la juu, zimebaki za siku tisa. Hapendi mlenda siku hizi, harufu. Asishinde juani. Usiku akiamka usimguse, mwite kwanza.

Za kufanya: dawa ya kifafa, kuulizia Vwawa, wakikosa niagize Mbeya. Kliniki tarehe 4 Septemba. Kuongea na fundi asitengeneze ile pikipiki mpaka nimwambie, nimlipe hata ya kuchelewesha. Mnada: bado. Mama: nijaribu kesho asubuhi, kabla hajaenda shamba.